Mistari ya Metali Ndani ya Kihisi cha Gesi

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu ianze kutumika, sisi wa Mtwara na Lindi tumezoea kuizungumzia kwa mabomba, mitambo ya Madimba na umeme. Kifaa kidogo cha ukutani kinacholia gesi inapovuja hakizungumzwi sana, ilhali ndicho kinachokaa jikoni pamoja na familia. Kazi yangu ni kufundisha vipimo katika chuo cha ufundi hapa Mtwara, na kila mwaka tunafungua vifaa vya aina hii mezani pamoja na wanafunzi. Sehemu ninayotaka kuieleza leo ni ile inayosahaulika kuliko zote, yaani mistari ya metali inayopokea habari ya gesi na kuipeleka kwenye saketi.

Ukikitoa kile kifuniko chenye wavu mwembamba, unakuta kigae cheupe cha kauri, kidogo kama punje ya mchele au kikubwa kidogo zaidi, kimening'inizwa kwa nyaya nyembamba. Chini ya lenzi huonekana mistari inayong'aa, imepangwa kama meno ya vitana viwili vilivyoingiliana bila kugusana. Hizo ndizo elektrodi. Juu yake kumepakwa tabaka la oksidi ya bati, yaani metali ya bati iliyoungana na oksijeni, na upande wa nyuma kuna mstari mwingine uliopindapinda, ambao kazi yake ni kupasha joto. Vihisi vingine hutumia kijibomba cha kauri chenye pete mbili za dhahabu badala ya kigae, lakini kanuni ni ile ile.

Kanuni hiyo ilianza kutumika baada ya Mjapani Naoyoshi Taguchi kuomba hataza ya kihisi chake mwaka 1962. Oksidi ya bati ikipashwa joto la nyuzi 200 hadi 400 za Selsiasi, oksijeni ya hewani hung'ang'ania usoni pa oksidi hiyo na kushika elektroni zake, yaani chembe zinazobeba umeme, hivyo ukinzani wa umeme unakuwa mkubwa. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, au gesi ya mtungi inapofika, huungana na oksijeni ile, elektroni zinaachiliwa, na ukinzani unashuka. Saketi husoma mshuko huo na kupiga kengele. Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, kwa hiyo kifaa hutakiwa kulia mapema, mbali kabisa na kiwango hicho. Mabadiliko madogo namna hiyo hayawezi kusomeka kwa uhakika kama mistari ya metali yenyewe imeachia, imeungua au imekutana.

Mistari hiyo haikatwi kutoka kwenye karatasi ya metali wala haichomelewi. Hupigwa chapa kwa rojo. Rojo ya metali ina vitu vitatu: unga laini sana wa metali yenyewe, unga wa kioo kinachoyeyuka kwa joto la chini kuliko metali, na kimiminika kizito cha kuvishikanisha, ambacho mara nyingi ni selulosi ya ethili iliyoyeyushwa katika kiyeyusho kiitwacho terpineoli. Rojo nzuri hutulia kama samli iliyoganda, lakini ikisukumwa hulegea na kupita, kisha ikiachwa hukaza tena bila kutambaa pembeni. Tabia hiyo ndiyo inayofanya meno ya kitana yabaki na kingo safi.

Yeyote aliyewahi kumtazama fundi akichapa fulana za kampeni ameiona nusu ya kazi hii. Wavu wa nyuzi za chuma kisichoshika kutu huzibwa kwa utando, na kuachwa wazi pale tu panapotakiwa mstari. Rojo huwekwa juu, kibao cha mpira kinaiburuta, na picha inabaki kwenye kauri. Baada ya hapo huachwa dakika kadhaa isawazike, kisha hukaushwa kwa joto la nyuzi 125 hadi 150 hivi. Wafinyanzi wa Kimakonde wanaijua hatua hii vizuri, kwani chungu kibichi kikiingizwa motoni na maji yake hupasuka. Nayo rojo isiyokauka hufanya malengelenge. Ndipo kigae huingia tanurini, ambako joto hupandishwa taratibu ili selulosi iungue na kutoka yote, mpaka kufikia nyuzi 850 kwa takriban dakika kumi. Hapo kioo kinayeyuka na kuzama katika vinyweleo vya kauri kama gundi, huku chembe za metali zikishikamana bila kuyeyuka. Kinachobaki ni mstari wa unene wa mikromita kama kumi, mwembamba kuliko unywele mara kadhaa.

Swali la metali gani itumike lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Shaba ni rahisi, lakini ikichomwa kwenye hewa ya kawaida hugeuka oksidi, hivyo inahitaji tanuri la naitrojeni. Dhahabu haichakai na haiingilii sana mwenendo wa gesi, ila haishiki kauri vizuri bila msaada wa kioo au oksidi. Platinamu, inayoyeyuka kwenye nyuzi 1,768, ndiyo mvumilivu wa joto, na ukinzani wake hupanda sawia na joto kiasi kwamba mstari wa kupashia huweza pia kupima joto lake wenyewe. Tatizo ni kwamba huchochea gesi kuungua pale pale kwenye elektrodi, jambo ambalo msanifu lazima alihesabu. Fedha, ile ya sonara, hupitisha umeme kuliko metali zote na bei yake ni nafuu mno ikilinganishwa na hizo mbili. Kwa maoni yangu, hapa pwani fedha tupu haifai.

Mama lishe mmoja anayepikia karibu na ufukwe wa Mikindani alituletea kifaa chake akisema, "Mwalimu, hiki kinalia hata mtungi ukiwa umefungwa. Nimekichomoa mwezi wa pili sasa." Alikuwa akikizima kila usiku ili kuokoa uniti za LUKU. Tulipokifungua, tuliona mistari ya fedha imekuwa myeusi, na karibu na miguu ya elektrodi, mahali ambapo joto halifiki vizuri, nyuzi za kijivu kama kuvu zilikuwa zimevuka kutoka jino hadi jino. Kifaa kikizimwa hupoa, unyevu wenye chumvi unatua juu yake, na asubuhi volti huingia kabla joto halijaukausha. Fedha huyeyuka katika unyevu upande chanya, husafiri hadi upande hasi, na kuota huko kama mzizi. Elektrodi zikikutana, ukinzani unashuka, na saketi inadhani gesi imejaa. Rojo iliyochanganywa fedha na paladi, metali ya jamii ya platinamu, hupunguza tabia hiyo kwa kiasi kikubwa. Na kifaa chenyewe kiachwe kikiwaka usiku na mchana, kiwekwe karibu na dari kwa gesi asilia, ambayo ni nyepesi kuliko hewa, na karibu na sakafu kwa gesi ya mtungi, ambayo ni nzito.

Kifaa cha mama huyu angalau kilipiga kelele. Ninachokiogopa zaidi ni mstari uliopasuka. Darasani huwa nampa mwanafunzi sindano, akwangue mstari mkuu wa elektrodi mpaka ukatike, kisha tunarudisha kihisi mahali pake. Ukinzani mkubwa maana yake kwa saketi rahisi ni hewa safi, kwa hiyo taa ya kijani inaendelea kuwaka. Tukibonyeza kitufe cha majaribio kengele inalia vizuri, kwa sababu katika vifaa vingi kitufe hicho hujaribu kengele na taa tu. Kisha tunapitisha gesi ya kupimia ya kiwango kinachojulikana, na kifaa kinakaa kimya.