Sekunde tatu mbele ya boneti

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza udereva wa kujihami tayari wana leseni na miaka kadhaa barabarani. Kwa hiyo siku ya kwanza nakaa kiti cha pembeni, nanyamaza, nahesabu. Gari la mbele likipita nguzo naanza: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu, kila tamko sekunde moja. Sisi tunatakiwa tuifikie nguzo ile nikiwa nimemaliza tatu. Mara nyingi hata mbili sifiki.

Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, gari linakwenda mita 25 kila sekunde. Taa za breki za mbele zikiwaka, jicho lione, akili ielewe, mguu utoke kwenye mafuta uhamie kwenye breki: hapo sekunde moja na nusu inaweza kuwa imepita. Karibu mita 38 zimekwisha na breki haijaguswa. Ndipo kusimama kwenyewe kunapoanza, na umbali wake hauongezeki sawasawa na mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa breki unakuwa mara nne. Kwenye lami kavu, mwendo wa 50 unataka kama mita 14. Mwendo wa 100 unataka kama 55. Lami ikilowa, hesabu umbali huo mara mbili. Ndiyo maana mvua ikinyesha natoka kwenye sekunde tatu naenda nne, hata sita.

"Mwalimu, nikiacha nafasi yote hiyo, wenzangu watajichomeka." Nimeambiwa hivyo mara nyingi, na ni kweli, watajichomeka. Waache. Toa mguu kidogo kwenye mafuta, nafasi inarudi. Kila anayeingia anakuchelewesha sekunde mbili tatu, basi. Wakiingia kumi, umepoteza nusu dakika.

Na anayekuganda nyuma? Dereva wengi huongeza mwendo ili kumkimbia, au hugusa breki kumtisha. Naomba sana, usifanye lolote kati ya hayo. Ongeza nafasi ya mbele yako. Ukiwa na nafasi mbele, hutalazimika kufunga breki ghafla, na yeye atapata muda wa kukuona unapunguza mwendo taratibu. Hapo unamlinda yeye pia. Akitaka kupita, mpishe.

Macho nayo yana kazi yake. Harold Smith, Mmarekani aliyeanza kufundisha udereva wa namna hii mwaka 1952, aliweka kutazama mbali kuwa ya kwanza katika kanuni zake tano. Wengi hukazia macho gari lililo mbele yao tu. Tazama mahali utakapofika baada ya sekunde 12 hadi 15, kisha rudi karibu, pitia vioo, uende tena mbali.

Mahali penye magari yaliyoegeshwa, shusha macho chini. Siku moja nilikuwa na mwanafunzi, tunakwenda polepole kando ya mstari wa magari, nikamwambia, "Breki." Alifunga. Mtoto akatokea mbele ya lori lililoegeshwa, akakatiza mbio mbele yetu bila hata kugeuka. Mwanafunzi aliniuliza nimejuaje, mikono yake ikitetemeka kwenye usukani. Nilikuwa nimeona viatu viwili vidogo chini ya lori lile. Basi. Kuanzia hapo tulipunguza mwendo zaidi, tukawa tunasoma tairi za mbele za kila gari: dereva anaweza kusahau indiketa, lakini hawezi kuchomoka bila tairi kuanza kuzunguka.

Simu izimwe au iwekwe mbali na mkono. Mkanda ufungwe na kila aliyemo, hata wa kiti cha nyuma. Hayo sina haja ya kuyarefusha.

Kwenye foleni je? Simama mahali ambapo bado unaziona tairi za nyuma za gari la mbele zikigusa lami. Ukiziona, una nafasi ya kukata usukani na kutoka bila kurudi nyuma, gari lile likizima au likianza kukurudia. Halafu usiondoe jicho kwenye kioo cha ndani mpaka gari la nyuma yako nalo lisimame kabisa.