Je, wajua kwa nini masomo ya leseni za programu huchacha upesi?

Kampuni inaponunua programu ya kompyuta, mara nyingi inachonunua ni ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Msimamizi wa mali za programu ana kazi ya kujua ruhusa hizo ni ngapi, zinatumikaje, na kama matumizi yamevuka mpaka kabla mkaguzi wa mwenye programu hajabisha hodi. Anayejifunza kazi hii hukuta maelezo tele mtandaoni. Shida ni kujua lipi la kuliamini.

Anza na tarehe. Katika toleo la 2012 la Windows Server, programu ya Microsoft ya kuendesha seva (kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine), leseni moja ilitosha prosesa mbili za seva, yaani vipande viwili vinavyofanya hesabu zake. Lilipokuja toleo la 2016, hesabu ikahamia kwenye viini, yaani sehemu za kufanya kazi zilizomo ndani ya kila prosesa: visivyopungua 8 kwa kila prosesa na 16 kwa kila seva. Makala iliyoandikwa kwa umakini mwaka 2014 ilikuwa sahihi siku ile, lakini leo inampotosha anayepanga kununua seva. Januari 2023 Oracle, kampuni ya programu, ilianza kuuza usajili wa Java, teknolojia yake ya kuandikia na kuendeshea programu, kwa kuhesabu wafanyakazi wote wa kampuni, hata wasioigusa Java kabisa. Desemba mwaka huohuo, wiki chache baada ya kampuni ya Broadcom kuinunua VMware, kampuni ya programu za seva pepe, leseni za kudumu za VMware zikaacha kuuzwa. Kwa hiyo somo lisilo na tarehe mimi huliweka kando, hata liwe limeandikwa vizuri namna gani.

Kisha uliza mwandishi ananufaikaje. Oracle ina waraka wa wazi unaosema kwamba kuigawa seva kwa baadhi ya programu za seva pepe (zinazoifanya seva moja ifanye kazi kama kadhaa), VMware ikiwemo, hakupunguzi idadi ya leseni zinazotakiwa. Waraka huo unafaa kusomwa, maana unakuonyesha mwenye programu atasimamia hoja gani siku ya ukaguzi. Lakini wenyewe unatamka kuwa ni wa kuelimisha tu na hauwezi kufanywa sehemu ya mkataba wowote. Wengi huruka sentensi hiyo, nayo ndiyo yenye uzito. Vivyo hivyo kwa washauri na wauzaji wa leseni: wapo wanaofundisha vizuri sana, ila anayelipwa kwa kuuza leseni zaidi si shahidi wa kutosha kuhusu leseni ngapi unahitaji.

Ndiyo maana kitabu cha kwanza cha kiada ni mkataba ambao kampuni yako imesaini, pamoja na viambatisho vyake. Baada ya huo, soma masharti yanayochapishwa na mwenye programu mwenyewe. Microsoft huyaweka wazi masharti ya bidhaa zake, na IBM hutoa waraka wa leseni kwa kila programu. Hifadhi nakala ya masharti yaliyokuwepo siku ya ununuzi, kwa kuwa ukurasa wa mtandaoni hubadilika.

Kwa mbinu za kazi, mambo yametulia zaidi. Viwango vya kimataifa vya ISO/IEC 19770 vinaeleza namna ya kuendesha usimamizi huu. Sehemu ya kwanza ilipitiwa upya mwaka 2017, na sehemu ya tano, yenye muhtasari na istilahi, imetolewa bure. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa mwaka 2018 mwongozo wa bure, SP 1800-5, unaoonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kufuatilia vifaa na programu. Vyeti vya IAITAM, chama cha kimataifa cha wasimamizi wa mali za teknolojia ya habari, navyo humpa anayeanza mpangilio mzuri wa masomo.

Hazina ambayo wachache huifungua ni hukumu za mahakama. Diageo, kampuni ya vinywaji, ilikuwa imeunganisha mifumo iliyojengwa juu ya Salesforce, programu ya kuhudumia wateja na mauzo, na mfumo wake wa kuendeshea biashara uliotoka kampuni ya SAP. Februari 2017 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kuwa wateja na wauzaji waliopitia mifumo hiyo walikuwa wanaitumia SAP, hivyo ada ya ziada ilistahili. SAP ilikuwa inadai zaidi ya pauni milioni 54. Hukumu hiyo inasomeka bure mtandaoni, na ndani yake jaji anachambua neno kwa neno maana ya kutumia programu. Mwaka uliofuata SAP yenyewe ilileta njia mpya ya kutoza matumizi ya aina hiyo, kwa kuhesabu nyaraka zinazoundwa.

Kifungu kikibaki na utata baada ya yote hayo, muulize mwenye programu kwa maandishi, kabla ya kusaini. Hata barua pepe huenda isitoshe, kwa kuwa mikataba mingi husema makubaliano ni yale tu yaliyomo ndani yake. Omba jibu liingizwe kwenye mkataba kama kifungu.