Panya wa nokauti: ya barazani na ya kizimbani

Kosa nililifanya mwenyewe. Likizo iliyopita, barazani Ngamiani, Tanga, niliulizwa huko niliko nafanya kazi gani hasa, nikajibu kwa mkato: "Natunza panya wa nokauti." Muuza kahawa akasimama na birika mkononi. Mjomba akaacha kete za bao hewani. "Mpwa wangu, panya mnawapiga ngumi?"

Walicheka mpaka kahawa ikapoa. Maswali yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike, maana mengine nimeyasikia hata kwa watu wenye shahada.

Ngumi hakuna. Kinachoangushwa ni jeni moja, kati ya takriban 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Mwaka 1981 Martin Evans na mwenzake walifanikiwa kukuza seli za kiinitete cha panya zinazoweza kugeuka kuwa kiungo chochote. Mario Capecchi na Oliver Smithies, kila mmoja kwenye maabara yake, wakaonyesha namna ya kuilenga jeni moja tu ndani ya seli na kuiharibu. Panya wa kwanza wa nokauti walitangazwa 1989, na mwaka 2007 Evans, Capecchi na Smithies wakapewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi kuna CRISPR, mkasi wa kukata jeni mahali unapopataka, kazi imekuwa fupi.

Wengi hudhani panya huyo ni dubwana. Ni mweusi, gramu kama 25, anakaa kiganjani, na mara nyingi ukimtazama humtofautishi na nduguye. Hata mimi siwezi. Nakata kipande cha sikio kidogo kuliko punje ya mtama, nakiyeyusha, napitisha vinasaba vyake kwenye jeli, nasubiri mistari ijitokeze. Mstari mmoja juu, jeni ni nzima. Mmoja chini, imeondolewa. Miwili, ana nakala moja nzima na moja mbovu. Wazazi wa mistari miwili wakizaa, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne ndiye unayemtaka, lakini wastani hauna huruma: kuna wiki nimekata masikio manane nisipate hata mmoja.

Na hapana, hawana undugu wa kazi na panya buku wa Morogoro wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Wale hawajaguswa jeni hata moja. Wamefundishwa kwa subira na ndizi.

"Wakitoroka watatuletea tauni?" Hili aliuliza fundi cherehani wa jirani, na ni swali la haki. Panya wasio na jeni iitwayo RAG1 hawana seli za T wala za B zilizokomaa, yaani nusu nzima ya kinga, ile inayojifunza na kukumbuka, haipo. Wanaishi kwenye vizimba vya hewa iliyochujwa, na chakula chao na maranda ya kulalia huuliwa vijidudu kwa mvuke. Mtaro wa Ngamiani ungemmaliza kabla paka hajamwona. Ila wako wengine wenye afya na wanaozaa vizuri, kwa hiyo milango miwili na sheria za kuingia na kutoka si urembo.

Sasa nije kwenye dhana ninayoigombania hasa: "Toa jeni, kitakachoharibika ndiyo kazi yake." Sisi wenyewe wa maabara tunaiamini tukiwa na haraka.

Chukua intalukini-2. Kwa miaka ilijulikana kama protini inayokuza seli za T kwenye vyombo vya maabara. Panya asiye nayo ungetarajia awe na kinga legevu. Walipotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakawa kinyume: kinga ilikuwa kali kupita kiasi. Karibu nusu walikufa wakiwa wachanga wa wiki chache, damu imepungua, na waliobaki wakapata vidonda kwenye utumbo mpana. Baadaye ikaeleweka kwamba zinazoitegemea zaidi protini hiyo ni zile seli za T zenye kazi ya kutuliza nyingine. Umewaondoa wasuluhishi, wagomvi wamebaki.

Barazani nililieleza kwa mpira. Kocha wa Coastal Union amtoe kiungo mkabaji pale Mkwakwani na timu isifungwe. Je, kiungo hakuwa na kazi? Huenda beki alipanda kuziba pengo. Jeni nazo huzibiana hivyo, ndiyo maana panya asiye na dalili hathibitishi kwamba jeni haina kazi. Na nyingine ni kama kipa: zikitolewa mimba haifiki. Hapo hutumika mbinu ya kuiondoa kwenye aina moja tu ya seli, au panya akishakua. "Unamtoa kipindi cha pili," akasema mjomba. Hasa.

Kuna kisa ninachopenda kuwapa wanafunzi. Mwaka 1995 walitangazwa panya wasio na jeni iitwayo kaspesi-1, na wakaonekana kustahimili sumu ya bakteria inayoua panya wa kawaida. Hitimisho likawa kwamba kaspesi-1 ndiyo muuaji. Mwaka 2011 ikagundulika kuwa seli za kiinitete zilizotumika zilitoka kwenye ukoo wa panya uitwao 129, ambao tangu asili una jeni nyingine, kaspesi-11, iliyo mbovu. Jeni hizo mbili ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Ukizalisha vizazi na vizazi bado zinasafiri pamoja. Panya walikuwa wamekosa jeni mbili, na katika sumu ile mhusika mkuu alikuwa kaspesi-11. Miaka 16.

Kosa langu la maabara lilikuwa dogo zaidi na la aibu zaidi. Miezi mitatu niliona tofauti nzuri kati ya panya wangu na wale wa kawaida niliowatoa chumba kingine. Nilipolinganisha ndugu wa uzao mmoja, kizimba kimoja, tofauti ikayeyuka. Nilikuwa napima bakteria wa tumboni, ambao hutofautiana chumba hadi chumba.

"Lakini panya si mtu," akasema fundi. Kweli. Watoto waliozaliwa bila MyD88, protini inayopitisha taarifa ya hatari ndani ya seli za kinga, walioelezwa mwaka 2008, husumbuliwa na bakteria wachache tu wa usaha, na hali hupungua wakikua. Panya wasio nayo huzidiwa na vimelea vya kila namna. Kumbe upande mwingine, mwaka 1993 panya wasio na kipokezi cha intaferoni-gama, protini ambayo seli za kinga hutumia kuitana, walikufa kwa BCG, chanjo ile ile ya kifua kikuu iliyotuachia kovu begani. Mwaka 1996 wakapatikana watoto wenye kasoro ya kipokezi hicho hicho, nao BCG au bakteria jamaa zake zilikuwa zimewadhuru vibaya, baadhi wakafa. Usiulize panya ni kama mtu au la. Uliza kwa jeni ipi.

La mwisho likaja kwa sauti ya chini: ile chanjo ya malaria iliyojaribiwa Korogwe na Bagamoyo ina jeni za panya?

Haina. Historia yake ndiyo ilipitia kwa panya. Malaria yetu kali, falsiparamu, haishiki kwa panya wa kawaida, kwa hiyo hutumika ya panya-mwitu wa Kongo, berghei. Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig na wenzake walionyesha kwamba vimelea vyake vilivyodhoofishwa kwa mionzi humkinga panya. Mwaka 1996 panya wa nokauti walioshindwa kutengeneza seli za T za CD8, zile zinazoua seli zilizoambukizwa, hawakukingika hivyo, na seli hizo zikapata heshima yake. Chanjo yenyewe, RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, ni kipande cha protini ya falsiparamu kilichounganishwa na protini ya kirusi cha homa ya ini B, na huzalishwa ndani ya seli za hamira.

"Hamira hii ya maandazi?"

"Hiyo hiyo, mjomba."

Akaligeuza andazi lake, akalichungulia kwa ndani, akala.