Je, wajua kwa nini Kiingereza huona kivuli pale sisi tunapoona dalili?

Asubuhi mjini Bagamoyo jua huchomoza upande wa bahari, kwa hiyo mchukuzi anayepanda kutoka pwani na ndoo ya samaki kichwani hulipa jua kisogo, na kivuli chake kikamtangulia. Aliyeketi barazani penye kona ya uchochoro, kabla hajamwona mtu, huona umbo refu lenye ndoo likitambaa ardhini, akajua kitoweo kimefika. Picha hiyo ndiyo iliyomo katika kitenzi cha Kiingereza ‘foreshadow’, yaani kuonyesha mapema dalili ya jambo litakalokuja: sehemu yake ya kwanza ni mbele, ya pili ni kivuli.

Kitenzi hicho kimekuwapo tangu karne ya 16, pamoja na mwenzake wa kisomi, ‘adumbrate’, kilichotokana na ‘umbra’, neno la Kilatini lenye maana ya kivuli. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wameikuta taswira hiyohiyo katika Waebrania 10:1, ambapo torati yaitwa kivuli cha mema yatakayokuwa.

Ugumu huja katika kutafsiri. Wengi hukimbilia ‘kutabiri’, nami naona wanakosea, kwa kuwa anayetabiri ni mtu mwenye kinywa, ilhali kivuli hakisemi neno. ‘Kubashiri’ nako hakufai. Asili yake ni habari njema, kama ilivyo bishara, na siku hizi wacheza kamari za mpira wamekichukua wakaondoka nacho.

Tuseme hadithi inaanza kwa fundi anayekalafati mashua, akauacha ufa mmoja kwa sababu adhana imemkatiza, na kurasa 100 baadaye mashua hiyo inazama. Kiingereza kitatumia kitenzi kimoja kwa ufa na kwa mwandishi pia. Kiswahili hutenganisha: ufa uliashiria kuzama, kwa maana kitu huashiria bila kukusudia, lakini mwandishi alidokeza, kwa maana yeye alijua mwisho na akaamua kutuonjesha. (Wapo walimu wa fasihi wanaoiita mbinu hiyo kiangaza mbele, yaani wao wamewasha taa badala ya kutupa kivuli.) Kwa hiyo mfasiri hana budi kujiuliza kwanza mtendaji ni nani, na akikuta sentensi ambayo mtendaji wake ni wingu, homa au ukimya wa mtu mezani, aandike ‘kuashiria’.