Fidla nyuma ya pazia: kubadili kapasita za spika kuukuu

Wiki tatu nyuma ami mmoja wa Malindi, hapa Unguja, alinishushia mlangoni spika mbili zilizofungwa kwa kanga kuukuu. Spika za Kiingereza za miaka ya 1970, alizinunua alipokuwa baharia na hajaziacha tangu hapo. Sijamaliza hata kumwamkia, ameshaanza: "Fundi, fidla imeingia nyuma ya pazia. Naisikia, siioni."

Nimesikia malalamiko mengi ya spika, lakini hilo nililiandika ukutani, kwa sababu ndivyo khasa inavyokuwa kapasita ya twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inapochoka. Uzi wa chini wa fidla unaanza kwenye Hz 196, yaani mitetemo 196 kwa sekunde, na noti zake za juu zinapita 3,000. Kwa hivyo mwili wa fidla unatoka kwenye wufa, ile spika kubwa ya sauti nzito. Kinachotoka kwenye twita ni ule mkwaruzo wa upinde juu ya uzi, yaani kile kinachokuonesha mpigaji ameketi wapi. Kikipungua hicho, muziki upo lakini mpigaji hayupo.

Krosova ni kile kibao kilichojificha ndani ya boksi, nyuma ya wufa. Kazi yake kugawa sauti: koili inazuia masafa ya juu yasiende kwenye wufa, kapasita inazuia masafa ya chini yasiiunguze twita, na rezista inaipunguza twita kidogo kwa vile mara nyingi ina kelele kuliko mwenziwe. Basi. Kwa wanaopenda hesabu: chukua 159,000, gawanya kwa omu (kipimo cha ukinzani) za twita mara maikrofaradi za kapasita, unapata Hz ambapo mgawanyo unaanza. Twita ya omu 8 na kapasita ya 6.8 inakupa kama 2,900. Krosova halisi huwa na vitu zaidi, lakini hesabu hii inatosha kukuonesha kwamba kapasita ikibadilika, mpaka nao unahama.

Kabla hujafungua chochote, bonyeza taratibu ukingo wa wufa. Nusu ya wanaoniletea spika "za krosova" wana ukingo wa sponji uliokwisha kuwa unga. Joto na unyevu wa visiwa hivi haviipi sponji miaka mingi. Kama ukingo umekufa, shughulikia huo kwanza, krosova itakusubiri. Spika za ami zina ukingo wa mpira, zimesalimika.

Nikatoa wufa. Hapa tahadhari moja ambayo nimeilipia kwa pesa yangu: sumaku ya wufa inavuta bisibisi. Unalegeza skrubu ya mwisho, mkono umelegea, bisibisi inaruka na kutoboa karatasi ya koni. Tangu siku hiyo, mkono wangu wa kushoto hukaa bapa mbele ya koni mpaka skrubu zote zitoke. Piga picha kila waya kwa simu. Usijiamini kwamba utakumbuka.

Ndani nilikuta nilichokitarajia. Vishikizo vya waya vina kutu ya kijani, ile ya hewa ya chumvi, na kapasita za twita ni zile za elektroliti zisizo na upande, yaani hazina chanya wala hasi, zimeandikwa 6.8. Nikainua mguu mmoja wa kila kapasita kutoka kwenye kibao, maana ukipima ikiwa imeungwa na mengine mita itakudanganya. Spika ya kushoto ilisoma 8.9, na ukinzani wa ndani ulizidi omu 2. Ya kulia ilisoma 7.6 na ukinzani chini ya omu 1. Wengi hudhani kapasita ikizeeka namba hushuka tu. Hizi za elektroliti mara nyingi zinapanda, kwa kuwa zinavuja, na mita inahesabu uvujaji kama uwezo. Majimaji yaliyomo ndani hukauka, na joto ndilo adui: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zikipanda, umri unapungua karibu nusu. Spika iliyokaa miaka arobaini kwenye sebule ya Mji Mkongwe si sawa na iliyokaa kwao Uingereza.

Omu 2 za ziada mbele ya twita ya omu 8 ni karibu desibeli 2 za ukubwa wa sauti zimepotea. Tena zimepotea upande mmoja kuliko mwengine. Ndiyo maana ami alikuwa anaisikia fidla asiione.

Sasa kununua. Darajani sikupata, nikamwagizia kijana anayepanda boti kwenda Dar anitafutie Kariakoo. Nilitaka za polipropilini, yaani za plastiki zisizo na majimaji ndani, 6.8, volti 250, tofauti isiyozidi asilimia 5. Thamani ni ile ile iliyoandikwa, wala usijidanganye kwamba kubwa zaidi ni bora zaidi. Ukikosa 6.8, unaziunganisha mbili sambamba na zinajumlishwa, kwa mfano 4.7 na 2.2 zinakupa 6.9, si mbaya. Usiweke ya elektroliti ya kawaida yenye alama ya hasi, ile ya redio na pawa saplai, kwa sababu sauti ni umeme unaokwenda na kurudi. Wapo mafundi wanaounga mbili hasi kwa hasi. Inafanya kazi, lakini uwezo unakuwa nusu, 10 mbili zinakuwa 5, na mwisho wa siku umerudi kwenye elektroliti ile ile unayoikimbia.

Kapasita za kampuni za Mundorf na Jantzen nimezishika, ni nzuri, na bei yake ungenunua mbuzi. Kwa spika hizi sikuona sababu. Na habari ya kwamba kapasita mpya lazima "ichezwe" saa mia ndipo ifunguke, mie siiamini. Kinachozoea ni sikio.

Koili sikuzigusa. Watu wanapenda kuzing'oa zile za chuma na kuweka za waya mnene zisizo na kiini, wakisema besi itakuwa safi. Lakini ukinzani wa ule waya mwembamba aliyesanifu spika aliuhesabu. Ukiuondoa, besi inabadilika, na uwiano wa wufa na twita nao unabadilika. Rezista za saruji zilisoma 2.3 badala ya 2.2, nikaziacha. Na ile kapasita kubwa ya 22 iliyo sambamba na wufa nikaiwekea mpya ya elektroliti ile ile isiyo na upande. Ya polipropilini ya ukubwa huo ni kama kopo la maziwa, isingeingia.

Hesabu hiyo hiyo ya msanifu ikanirudia kwenye twita. Kapasita ya elektroliti hata ikiwa mpya ina ukinzani wake mdogo, na ya polipropilini karibu haina kabisa. Ukiiweka tu, twita inapanda kuliko ilivyokusudiwa, na kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, inaanza kukuchoma masikio. Nikaongeza rezista ya omu 0.47 mbele yake. Ni nusu desibeli tu, lakini nusu desibeli hiyo iko mahali sikio la binadamu linaposikia zaidi.

Nikija kwenye kulehemu: safisha kutu kwanza mpaka shaba ing'ae, joto la kutosha, risasi itiririke ienee yenyewe. Vishikizo vya kuchomeka nimevitoa, waya nimeulehemu moja kwa moja. Kapasita mpya ni kubwa na nzito, lazima zibanwe zisitikisike. Nimetumia vifungo vya plastiki na silikoni. Angalia silikoni: ile inayonuka siki ina asidi, itakula shaba polepole, na hapa kwetu chumvi peke yake inatosha.

Kuna kosa moja nataka nilikiri, kwa sababu najua wapo watakaolifanya wiki hii. Spika zangu za kwanza nilizifungua nikaona waya mwekundu wa twita umekwenda kwenye hasi. Nikacheka, nikasema huko kiwandani mtu alikuwa amesinzia. Nikauweka "sawa". Sauti ya mwimbaji ikarudi nyuma kama anaimba ndani ya kisima. Wiki mbili nazilaumu kapasita, nikanunua nyengine, nikazilaumu na hizo.

Kumbe hakuna aliyesinzia. Krosova ya daraja la pili, ile inayokata desibeli 12 kwa oktavu, kwenye mpaka wa mgawanyo inaziacha wufa na twita zimepishana digrii 180. Ni kama watu wawili kwenye ngalawa moja, huyu anaisukuma kutoka nyuma na yule kutoka mbele: haiendi. Ukigeuza waya wa twita wanasukuma pamoja. Mie niliwagombanisha. Spika za ami nazo zina waya uliogeuzwa, nikaurudisha ulivyokuwa kwa kutazama picha ya simu.

Usibadili spika zote mbili kwa pamoja. Maliza moja, ziweke mbili bega kwa bega, amplifaya kwenye mono, wimbo mmoja unaoujua, na uhamishe balansi huku na huku. Nilipofika hapo nikampigia ami aje. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, macho kafumba, nikamwekea taarabu yake. Kushoto ya zamani, kulia mpya. Nikahamisha mara tatu bila ya kumwambia. Mara zote tatu akanyoosha kidole kulia.

"Na ile nyengine lini?"

"Kesho alasiri, inshallah."

Kesho yake nilipomkabidhi, nikampa na bahasha yenye kapasita zake za zamani, kila moja nimeandika ilivyosoma na imetoka upande gani. Aliifungua, akazimimina kwenye kiganja, akazitazama.

"Na hizi nizifanye nini, fundi, mchuzi?"

Nikamwambia azitie ndani ya boksi, nyuma ya pamba, ili fundi atakayefungua baada yangu ajue palikuwa na nini.