Mboga ya shule bila karanga: rojo la boga na mbegu zake

Shule ikishatoa taarifa kwamba darasani kuna mtoto ana aleji ya karanga, au huyo mtoto akiwa ni wa kwako kabisa, wazazi wengi wanafanya kitu kimoja tu, wanaacha kuunga mchicha kwa karanga na kwao kazi imeisha. Sisi watu wa lishe tunaomba msogee mbele kidogo. Kwenye mboga zetu karanga ndo ilikuwa inabeba mzigo, gramu 100 zina karibu gramu 25 za protini na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, sasa ukiitoa halafu usiweke kitu mtoto anabaki na majani na maji ya nyanya, na ile vitamini A tunayoisifia ya mchicha na karoti mwili hauifyonzi vizuri kama hamna mafuta kwenye chakula.

Swali tunaloulizwa sana ni je niweke korosho badala yake. Hapana jamani. Korosho nayo ni kati ya vyakula vinavyoleta aleji kali, na wapo watoto wenye aleji ya karanga ambao korosho pia inawakamata, kwa hiyo usibadilishe moja kwa nyingine kwa kukisia mpaka daktari ampime. Ufuta nao uuangalie, Marekani wameuweka rasmi kwenye orodha ya vyakula vikuu vya aleji tangu 2023, so haufai kuwa mbadala wa haraka haraka. Nazi watoto wengi wenye aleji ya karanga wanakula bila shida, ila mboga ya tui kwa joto la Dar inachacha mapema, kama huna hotipoti nzuri iache iliwe usiku nyumbani.

Mimi ninachopendekeza ni boga, maana linakupa vitu viwili kwa bei moja: nyama yake inatia uzito kwenye rojo, na mbegu zake ambazo watu wanazitupa na maganda zina protini na mafuta yanayolingana na ya karanga, protini hata inazidi kidogo. Kama mwanao hajawahi kula mbegu za maboga mpe kidogo nyumbani kwanza siku ambayo upo naye, usianzie shuleni.

Kwa watoto watatu hivi tafuta kipande cha boga kama nusu kilo, nyanya nne zilizoiva, kitunguu kimoja, karoti mbili, hoho, punje mbili za kitunguu saumu, fungu la mchicha, nusu kikombe cha mbegu na vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti. Mbegu zioshe utoe utelezi, anika zikauke, kisha zikaange kavu kwa moto mdogo huku unakoroga, zikianza kupasuka pasuka na kunukia epua hapo hapo, ukichelewa zinakuwa chungu. Kuzimenya moja moja ni kazi ya kuchosha na asubuhi nani ana muda huo, we zitie kwenye blenda na maganda yake, weka kikombe kimoja na nusu cha maji ya moto, saga, halafu chuja kwa kitambaa safi na kamua vizuri kama unavyokamua tui la nazi. Makapi yanabaki kwenye kitambaa, unapata tui zito lenye rangi ya kijani kwa mbali.

Boga chemsha na maji kidogo liponde. Kaanga kitunguu, weka saumu, nyanya, karoti uliyoikwangua na hoho, acha nyanya ziive kweli mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni ya sufuria, hapo wengi wanaharakisha na ndo maana rojo linakuwa na ukali wa nyanya mbichi na mtoto anarudi nalo. Sasa weka boga, mimina tui lako, koroga mfululizo mpaka lichemke maana ukiliacha linakatika. Mchicha uliokatwa mdogo mdogo unaingia mwisho kabisa, dakika tatu au nne zinatosha. Chumvi kidogo. Kipande cha limao mfungie pembeni akamulie wakati wa kula, kinasaidia mwili kupata madini ya chuma ya kwenye mboga. Linaenda na wali, ugali mgumu, hata chapati.

Kinachotusumbua zaidi lakini si mapishi, ni vyombo. Kinu cha mbao ulichotwangia karanga miaka yote hakifai hata ukikisugua vipi, unga wake unajificha kwenye nyufa, nunua kingine cha mboga ya huyo mtoto. Blenda ifungue na ile mpira ya chini uitoe, chungulia palipokuwa na mpira, ndo pananata mabaki. Kisamvu cha kusagiwa sokoni muulize muuzaji, mashine hiyo hiyo inaweza kuwa imesaga karanga dakika chache zilizopita. Unga wa lishe wa uji mara nyingi una karanga ndani na mtu hafikirii kabisa kwamba uji nao ni karanga. Kukaanga hakuui aleji, kwa hiyo ile ya "nimeziunguza vizuri" haina msaada. Na mikono ioshwe kwa maji na sabuni, sanitaiza haitoi protini ya karanga, dada anayefunga chakula alfajiri lazima alijue hili.

Halafu kuna muda. Mtoto anapanda basi saa kumi na moja alfajiri, anakula saa saba mchana, na Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa mawili, au kikae juu ya nyuzi 60. Kontena la plastiki hapo halifai. Jaza hotipoti maji yanayochemka, funika dakika kumi, mwaga, kisha weka rojo likiwa linatokota na ujaze mpaka juu, ukiweka nusu linapoa haraka.

Hatusemi kila nyumba iache karanga, ni chakula kizuri na cha bei nafuu. Tena utafiti wa Uingereza uliotoka 2015 ulionyesha watoto wachanga walio kwenye hatari kubwa wakianzishiwa karanga mapema, kwa uangalizi wa daktari, wanapata aleji kidogo sana kuliko walionyimwa. Tunachoongelea hapa ni mtoto ambaye tayari imethibitika, na wenzake wanaokaa naye meza moja, kwa sababu watoto wanabadilishana chakula hata uwakataze vipi, na kashata ziko pale getini.

Mwalimu wa darasa, matroni wa basi na mpishi wote wawe wanazijua dalili: vipele vya ghafla, midomo au macho kuvimba, kutapika, kukohoa mfululizo, sauti kukwama, kupumua kwa shida. Vipele peke yake Piriton inasaidia na unamwangalia kwa karibu, ila kupumua kukishaguswa au mtoto akianza kulegea Piriton haitoshi, anahitaji sindano ya adrenalini pajani haraka, kama daktari alimwandikia achomwe hapo hapo shuleni na aende hospitali hata kama ameonekana kupata nafuu, maana dalili zinaweza kurudi baada ya masaa. Mlazeni, msimsimamishe wala kumtembeza, akishindwa kupumua amelala basi aketi.