Ernie Nevers, mrusha besiboli aliyekuja kuwa kocha wa futiboli

Mimi nanoa vijana wanaorusha mpira wa besiboli, na kijana mpya akija namwambia vua viatu kwanza nione miguu. Wanashangaa, si mkono ndo unarusha? Hapana jamani. Anayetumia mkono wa kulia anajisukuma kwa mguu wa kulia kutoka kwenye kile kibao cheupe, anatua na wa kushoto, nguvu inapanda magotini, kiunoni, mgongoni, mkono unamalizia tu. Kifundo kimoja kikiuma, mpira unaenda hovyo na bega linaanza kubeba mzigo usio wake.

Ndo maana Ernie Nevers ananishangaza mpaka leo.

Huyu alikuwa anasoma chuo kikuu cha Stanford huko Marekani, anacheza futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira kama yai. Msimu wa 1924 akavunjika kifundo cha kushoto, akapona akarudi, akavunjika na cha kulia. Tarehe 1 Januari 1925 ikaja Rose Bowl, mechi kubwa ya mwaka mpya ya timu za vyuo, dhidi ya chuo cha Notre Dame, kocha wake Pop Warner akamtengenezea vishikizo vya alumini na mpira wa tyubu ya tairi, wakamfunga miguu yote miwili, akaingia na kucheza dakika zote 60, kabeba mpira mara 34, yadi 114! Stanford walipoteza 27-10.

Sasa mtu wa hivyo, 1926 anapanda kurusha besiboli ya kulipwa kwenye timu ya St. Louis Browns, kwa vifundo vilevile. Mpaka 1928 alikuwa ameshinda mechi 6 na kupoteza 12, na kati ya zile homurani 60 (mipira iliyopigwa mpaka nje ya uwanja) za mpigaji maarufu Babe Ruth mwaka 1927, mbili zilitokana na mipira aliyorusha yeye. Watu wanaziona namba hizo wanasema hakuwa lolote, mi nakataa. Mkono wa mrushaji unapumzishwa miezi ya baridi, yeye vuli ya 1926 alikwenda Duluth Eskimos, timu ya futiboli iliyocheza mechi 29 karibu zote ugenini, na msimu mzima alikaa nje chini ya nusu saa. Bega lingepona lini?

Futiboli ndo ilimlipa heshima. Tarehe 28 Novemba 1929 timu yake mpya, Chicago Cardinals, iliwapiga Chicago Bears 40-6 na pointi zote 40 alifunga yeye peke yake, rekodi ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ambayo bado haijavunjwa.

Cardinals wakampa ukocha 1930 huku anacheza, akaendelea 1931, na hapo timu ilikwenda vizuri kiasi. Aliporudi 1939 akiwa kocha tu, nje ya mstari, wakapoteza mechi 10 kati ya 11. Mimi naona kile alichokuwa nacho kilikaa mwilini mwake, hakuna namna ya kukifundisha. Wala nisingejaribu, kijana wangu akija anachechemea namrudisha nyumbani siku hiyohiyo hata kama kesho kuna fainali.